Anza na Zege: Hotuba kuhusu Sakafu ya Karakana ya Nyumbani

Ndugu mafundi, wapenda ufundi, na nyote mnaojitengenezea mambo yenu nyumbani, nawasalimu.

Nimeombwa nizungumzie sakafu ya gereji ya nyumbani, ile ambayo usiku inalaza gari na mchana inageuka karakana. Nimeipokea kazi hii kwa moyo mkunjufu, maana fundi anaikanyaga sakafu kila siku lakini anaifikiria mwisho kabisa, akishanunua msumeno, benchi, taa na rafu za ukutani. Pesa ikibaki ndipo anaingia dukani na kuuliza: kipi kinadumu?

Likiulizwa hivyo, swali hilo halina jibu. Dukani ataonyeshwa kopo lenye picha ya sakafu inayong'aa kama kioo, ataambiwa hii ni ya miaka mingi, naye atanunua. Mwaka hautakwisha kabla rangi haijaanza kuinuka vipande vipande pale tairi zinaposimama. Atailaumu rangi, na pengine rangi haina kosa lolote. Ninaloliamini kwa dhati, na ndilo nililokuja kulisema leo, ni kwamba tabaka la juu la sakafu hudumu kwa sababu mbili: zege lililo chini yake na kazi inayofanyika juu yake. Ukizijua hizo mbili, kuchagua ni jambo jepesi. Usipozijua, hata tabaka la bei ya juu kuliko yote litakuangusha.

Basi tuanze chini.

Zege likiangaliwa kwa macho ni jiwe kavu, lakini ndani limejaa vijitundu vyembamba sana, na maji ya ardhini hupanda kupitia humo. Kama chini ya zege hakukutandikwa karatasi nzito ya plastiki wakati wa kujenga, mvuke unapanda mwaka mzima. Zege likiwa wazi huoni shida, kwa sababu unyevu unatoka na kupotea hewani. Siku utakapoliziba kwa tabaka lisilopitisha hewa, mvuke ule ule unakosa njia, unasukuma kutoka chini, na tabaka linafanya malengelenge au linabanduka. Ndiyo maana nasema sakafu nyingi huharibika kutoka chini kwenda juu.

Kipimo cha kwanza hakihitaji mtaalamu. Chukua kipande cha plastiki nyepesi inayoonyesha, kama sentimita 45 kwa 45, ukibandike sakafuni kwa utepe wa kunata pande zote nne, pasibaki upenyo. Kiache kwa muda usiopungua saa 16, na ukiweza kiache siku mbili. Kisha kibandue taratibu. Ukikuta matone chini ya plastiki, au zege limekuwa jeusi kuliko pembeni, ujue unyevu unapanda. Fanya hivyo sehemu tatu au nne, hasa karibu na kuta na katikati, na ufanye majira ya mvua. Kiangazi kikali kinaweza kukudanganya. Kipimo hiki ni cha kukadiria tu: kikikuonyesha maji, kiamini, kisipokuonyesha, usijione umepata cheti.

Wenye zege jipya wana la kwao. Wengi wamesikia habari ya siku 28 na wanadhani zikitimia zege limekauka. Siku 28 ni kipimo cha nguvu. Kukauka ni hesabu nyingine, na mafundi wengi hukadiria mwezi mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene, hali ya hewa ikiwa nzuri. Zege la sentimita 10 linaweza kutaka miezi minne. Najua inauma kusubiri huku gereji iko tayari na vifaa vimeshaletwa. Subiri. Tumia karakana yako na zege tupu kwa miezi hiyo, na utajifunza mahali unaposimama sana, mahali oili inapomwagika na mahali magurudumu ya kabati yanapopita. Huo ni ujuzi ambao hakuna muuzaji atakayekupa.

Kipimo cha pili ni tone la maji. Mwaga matone machache hapa na pale. Maji yakinywewa na zege ndani ya dakika chache, vijitundu viko wazi na tabaka litapata pa kushika. Yakikaa juu yameviringika, kuna kitu kimeziba: dawa ya zamani, rangi, au oili iliyozama. Pale ambapo gari lilikuwa likivuja kwa miaka, oili haikubaki juu, iliingia ndani ya zege. Utasugua kwa sabuni kali mara nyingi, na bado baada ya siku mbili doa litapanda tena. Sehemu kama hiyo wakati mwingine hukatwa na kumwagwa upya. Mwenye sakafu ya namna hiyo namshauri aache wazo la kupaka na achague kitu kinachotandikwa juu bila gundi.

Halafu nyufa. Ufa uliotulia unaweza kujazwa, lakini unaotembea hauzuiliki kwa rangi. Weka alama kwa penseli kwenye ncha zake na upime upana wake, kisha urudi baada ya miezi kadhaa. Ile mistari iliyonyooka ambayo fundi aliikata kwa msumeno makusudi ni viungo vya zege, mahali palipoandaliwa ili likipasuka lipasukie hapo. Ukiijaza kwa kitu kigumu na kupaka juu, mstari utajichora upya kwenye tabaka lako. Jaza kwa kijazio kinachonyumbuka, au uiache.

Na angalia mteremko. Gereji iliyojengwa vizuri ina mteremko mdogo kuelekea mlangoni, asilimia moja au mbili, ili maji yatoke. Usiuondoe kwa tamaa ya sakafu iliyo sawa kabisa. Benchi linaweza kusawazishwa kwa miguu yake, ila maji yakishazoea kukaa ndani hayabembelezeki.

Hayo ni ya chini. Sasa tupande juu, kwenye kazi yenyewe.

Mwenye kutengeneza magari ana adui mmoja mkubwa kuliko oili, nao ni uzito unaosimama mahali padogo. Tufanye hesabu pamoja. Tairi la gari dogo lina hewa ya kiasi cha bar 2.2, na msukumo wake sakafuni ni kama kilo 2.2 kwa kila sentimita ya mraba. Sasa ondoa tairi, weka stendi ya jeki. Stendi imebeba kilo 400, na miguu yake minne inagusa sakafu kwa sentimita nne za mraba kila mmoja. Jumla ni sentimita 16. Gawanya: kilo 25 kwa kila sentimita. Gari ni lile lile, lakini pale chini ya stendi sakafu inasukumwa mara kumi na zaidi ya tairi linavyoisukuma. Zege zuri linahimili msukumo huo bila wasiwasi. Kigae laini cha plastiki kinabonyea na kubaki na shimo. Mpira unazama. Tabaka jembamba la rangi linakatika kwenye ukingo wa mguu wa stendi, na kuanzia hapo oili inaingia chini yake.

Jeki yenye magurudumu ina jambo lake la hatari, na naomba mnisikilize vizuri hapa, maana linahusu uhai. Mkono wa jeki hii haupandi wima, unapanda kwa kuzunguka kama sehemu ya duara. Kwa hiyo gari linapoinuka, jeki yenyewe hulazimika kutambaa kidogo ili kichwa chake kibaki palepale chini ya gari. Ikiwa sakafu ni laini na magurudumu yamezama, au yamekwama kwenye mchanga au kwenye kiungo cha vigae, jeki haitambai. Kichwa kinaanza kuburuta chini ya gari na kinaweza kuchomoka. Mwenye kutandika mpira au vigae laini aache eneo la jeki likiwa zege tupu, au aweke bamba gumu na pana ambalo jeki itasimama na kutambaa juu yake. Na hakuna sakafu iliyotengenezwa duniani inayokuruhusu kuingia chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake.

Mwenye kufanya useremala ana mahitaji tofauti kabisa. Yeye anasimama saa nyingi benchini, patasi inaweza kumponyoka na ncha yake ikatua sakafuni, na vumbi la mbao linafanya kila kitu kilaini kiteleze. Zege tupu litavunja ncha ya patasi na litachosha magoti. Na mwenye kuchomelea anataka kitu kisichoungua, basi. Cheche zinatoboa plastiki, zinaacha makovu kwenye epoksi, yaani ile rangi nzito ya sehemu mbili zinazochanganywa ili igande, na zinaweza kulala ndani ya maranda chini ya sakafu ya mbao zikavuta moshi kimyakimya baada ya wewe kwenda kula. Hata zege lenyewe, likipigwa na moto wa kukatia chuma moja kwa moja, maji yaliyomo ndani yake yanageuka mvuke na kipande kinaruka. Kwa hiyo kata chuma juu ya bamba la chuma au juu ya trei ya mchanga.

Kuhusu kemikali nitataja mbili tu ambazo watu wanazisahau. Mafuta ya breki yanalainisha na kung'oa rangi za aina nyingi, kwa hiyo yakidondoka yafutwe na paoshwe kwa maji papo hapo. Tindikali ya betri inakula zege. Kuwa na magadi soda kwenye rafu, mwaga juu yake hadi povu likome, kisha osha.

Sasa ndipo tuingie dukani.

Rangi ya kawaida ya sakafu, ile ya kopo moja isiyochanganywa na kitu, naipita haraka. Inapendeza, ni nafuu, na kwenye chumba cha kuhifadhia vitu itakaa. Chini ya tairi na jeki haitakaa.

Kitu ambacho nakipenda kuliko wengi wanavyotarajia ni zege lenyewe, likiwa limetiwa dawa ya kuligandisha zaidi. Dawa hizi ni za silikati, ya sodiamu au ya lithiamu, zilizoyeyushwa kwenye maji. Unamwaga, unasambaza kwa brashi pana, dawa inazama na kukutana na chokaa iliyobaki ndani ya zege, na vinatengeneza kitu kigumu cha jinsi ileile inayolishikilia zege lenyewe. Hakuna ngozi iliyoundwa juu, kwa hiyo hakuna cha kubanduka. Mvuke unaendelea kupita. Ule unga mweupe unaotoka kila ukifagia unakwisha. Ubaya wake ni kwamba oili ikiachwa usiku kucha bado itaweka doa, na mwonekano unabaki kuwa wa zege. Kwa mtu ambaye gereji yake ni ya kazi, hasa yenye unyevu usiozidi, hili ndilo pendekezo langu la kwanza. Halina picha nzuri ya kuwatumia marafiki, lakini miaka ikipita utaikuta sakafu yako palepale.

Epoksi ndiyo iliyowaleta wengi wenu hapa, najua. Ni nzuri kweli. Oili inafutika kwa kitambaa, vumbi halina pa kujificha, na taa moja inatosha kwa sababu sakafu inarudisha mwanga. Lakini chini ya neno epoksi kuna bidhaa zisizofanana hata kidogo. Mnapoangalia kopo, acheni picha, tafuteni kiasi cha kitu kigumu kitakachobaki baada ya kukauka. Hesabu ni rahisi. Lita moja ikitandazwa kwenye mita 10 za mraba inatoa unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita ikiwa mbichi. Kama nusu yake ni maji, ikikauka unabaki na nusu ya hiyo, unene unaokaribia unywele. Epoksi isiyo na maji wala kiyeyushi inabaki yote, na hutandazwa nene zaidi. Mtu akikuuzia kikopo na kukuhakikishia kinatosha gereji nzima ya magari mawili, fanya hesabu hiyo mbele yake.

Ukishapata bidhaa ya maana, kazi kubwa bado haijaanza. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Juu ya zege lolote lililosawazishwa kwa mwiko kuna utando dhaifu wa unga wa saruji uliopanda na maji siku ile ya kumwaga. Epoksi itaushika utando huo kwa nguvu zake zote, halafu utando ndio utakaoachia zege, na ukigeuza kipande kilichobanduka utauona umeganda nyuma yake, wa kijivu, laini, kama unga. Ni lazima utoke. Wapo wanaoosha kwa tindikali. Tindikali haiondoi oili, inaongeza maji kwenye zege, na isiposuuzwa vizuri inaacha chumvi. Mimi nasimama upande wa kusaga kwa mashine yenye diski ya almasi, iliyounganishwa na mashine ya kufyonza vumbi, hadi sakafu ikiguswa kwa kiganja iwe na ukwaru kama msasa wa wastani.

Vumbi hilo si la kuchezea. Lina silika, na silika laini ikiingia mapafuni kwa muda husababisha silikosisi, ugonjwa usio na tiba ya kuuondoa. Vaa barakoa ya kuchuja chembe laini, inayoziba sawasawa usoni. Kitambaa puani hakisaidii. Hali kadhalika, epoksi mbichi na hadina yake, ile sehemu ya pili inayoigandisha, zikigusa ngozi mara kwa mara zinaweza kumfanya mtu apate mzio asioachana nao tena, akawa hawezi kukaa karibu na kazi hiyo maisha yake yote. Glavu ni za lazima tangu kufungua kopo. Na ikiwa nyumba ni ya zamani na kuna vigae vya plastiki vya miongo iliyopita au gundi nyeusi chini yake, usivisage wala kuvipiga msasa kabla havijapimwa, kwa kuwa vingi vilitengenezwa kwa asbesto.

Siku ya kupaka, changanya epoksi na hadina kwa kipimo kilichoandikwa. Kuna mazoea ya kuongeza hadina ili ikauke haraka. Kwenye epoksi hadina ni sehemu ya muundo wenyewe, na ikizidi au ikipungua sakafu inabaki na sehemu za kunata milele. Ukimaliza kuchanganya, usiache mchanganyiko ukae ndooni. Ukiwa umerundikana unatoa joto, joto linaharakisha kuganda, kuganda kunatoa joto zaidi, na baada ya muda mfupi ndoo inafuka moshi. Umwage wote sakafuni kwa mistari, ndipo utandaze.

Chagueni pia saa. Asubuhi zege linapopata joto, hewa iliyomo kwenye vijitundu inatanuka na kutoka, na kila kiputo kinaacha tundu dogo kwenye epoksi yako. Jioni zege likianza kupoa, hewa inavutwa ndani na epoksi inavutwa nayo, inashika mizizi. Lakini jioni nayo ina umande wake, kwa hiyo hakikisha zege lina joto angalau nyuzi 3 juu ya kiwango ambacho umande huanza kutua. Tabaka la pili liwekwe ndani ya muda uliotajwa na mtengenezaji, mara nyingi saa 24. Ukichelewa, piga msasa kwanza. Kesho yake unaweza kutembea juu yake. Gari lisubiri wiki.

Kwa nini wiki? Kwa sababu tairi lililotoka safarini ni la moto. Likisimama, linalainisha epoksi ambayo haijakomaa, linapoa likiwa limeikumbatia, linanywea, na kesho yake ukiondoa gari unaondoka na ngozi ya sakafu. Epoksi nyembamba ya maji hupatwa na hili hata ikishakomaa. Pia epoksi inageuka manjano ikipigwa na jua, ndiyo maana karibu na mlango hupakwa tabaka la mwisho la poliyurethani isiyobadilika kwa jua, ambayo pia inastahimili kukwaruzwa. Lipo na tabaka la aina nyingine liitwalo poliaspatiki, linalokauka kwa saa chache. Naliheshimu sana, ila linataka mikono iliyozoea. Kasi hiyo haimpi mwanafunzi nafasi ya kurekebisha.

Wasio tayari kwa kazi yote hiyo, au wenye zege lenye unyevu, au waliopanga nyumba na hawana ruhusa ya kugusa sakafu, wana vigae vya plastiki vinavyofungamana kwa meno. Havina gundi. Unatandika leo, unaegesha gari leo. Kigae kikiungua na cheche unang'oa kimoja na kuweka kingine. Kuna vya plastiki ngumu na vya PVC, ambavyo ni vizito na laini zaidi, havipigi kelele, na ni raha kwa miguu. Acha nafasi ya kama milimita 8 kwenye kuta zote, kwa sababu plastiki hutanuka kwenye joto, na visipopata pa kwenda vitainuka katikati kama mgongo, hasa pale jua linapoingia mlangoni. Vigae vya rangi nyepesi vitapata alama za tairi ambazo haziondoki. Na kinachomwagika kinapita kwenye viungo na kukaa chini usikokuona. Maji yakikaa huko yataleta ukungu. Petroli ikikaa huko ni hatari kubwa, maana mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini chini hadi ukutane na cheche. Anayefungua matangi ya petroli ndani ya gereji asitandike vigae vya namna hii.

Mikeka ya mpira naisifia kwa kazi moja tu, kusimama. Mbele ya benchi, mkeka mzito utakuokolea mgongo na utaokoa ncha ya patasi. Mpira wa kawaida ukinywa oili unavimba na kulegea, hivyo karibu na injini tafuta ule wa naitrili.

Marumaru za posileni, zile ambazo hunywa maji chini ya asilimia 0.5 ya uzito wake, zinaweza kudumu kuliko vyote nilivyotaja. Sharti ni moja: gundi iwe imejaa chini ya marumaru nzima. Fundi akiweka matone matano na kubonyeza, panabaki uwazi, na siku stendi ya jeki itakaposimama juu ya uwazi huo utasikia mlio. Gundi ikishakauka, gonga kila marumaru kwa mpini wa nyundo. Palipo wazi patakuambia, sauti yake inaitikia kama mtungi mtupu. Chagua zenye uso wa kukwaruza, na viungo vijazwe kwa kijazio cha epoksi ili oili isizame.

Na mbao? Kwa seremala ambaye haingizi gari wala hachomelei, plaiwudi ya milimita 18 juu ya plastiki ya kuzuia unyevu ni sakafu ya raha kuliko zote. Viwanda vingi vya mashine vya zamani vilikuwa na sakafu za vipande vya mbao vilivyosimamishwa, ncha ya nyuzi ikitazama juu, na wafanyakazi walisimama humo zamu nzima bila kuvunja miguu yao wala vifaa vyao.

Kabla sijafika mwisho, niseme kuhusu rangi, kwa kuwa wengi huichagua kwa urembo. Zile chembe za rangi rangi zinazonyunyizwa kwenye epoksi zinaficha uchafu vizuri. Zinaficha na skrubu. Nati ndogo ikianguka kwenye sakafu ya madoadoa meusi, meupe na ya kijivu, utatambaa na tochi. Anayefanya kazi za vitu vidogo achague kijivu chepesi kisicho na madoa. Nyeupe kabisa nayo inachosha, kila alama ya kiatu inaonekana. Kuhusu utelezi, mchanga laini wa kwatzi au chembe za alumini oksaidi hunyunyizwa kwenye tabaka la mwisho, lakini zikizidi fagio halipiti na magoti yanachunika. Nyunyiza nyingi mlangoni ambako maji ya mvua yanaingia, na kidogo sana mahali unapopiga magoti.

Mmeona kwamba kila nilipotaja kitu nilitaja na mahali pake. Gereji moja haina lazima ya kuwa na sakafu ya namna moja. Chora gereji yako kwenye karatasi. Eneo la jeki na la kuchomelea likae zege lililogandishwa. Mbele ya benchi weka mkeka. Kona ya useremala itandike plaiwudi au vigae. Mpaka kati ya eneo na eneo uwe sawa kimo, au uwe na ukingo ulioinama, ili kabati la magurudumu lisikwame na wewe usijikwae ukiwa umebeba injini.

Na mkishamaliza, wekeni akiba: vigae kadhaa vya ziada, au jina na namba ya rangi iliyoandikwa ukutani nyuma ya mlango. Mkikuta sehemu imeinuka, kateni kwa kisu hadi pale tabaka linaposhika kweli, sageni, pakeni upya wiki hiyo hiyo kabla oili haijaingia chini.

Nimemaliza yangu. Walioleta picha za sakafu zao zenye malengelenge wasogee mbele, tuanze na hao, kisha tuchukue maswali mengine. Asanteni sana.